Si kila mbwa anayenyonyoka manyoya ana ukurutu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nizungumzie kiumbe ambaye wengi wetu humpita tukiwa tumeziba pua, yaani mbwa mwenye ngozi mbovu. Nimekuwa daktari wa mifugo hapa Tanga kwa zaidi ya miaka 30. Sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa nikihangaika na ng'ombe wa maziwa, na mbwa waliletwa kwangu kama nyongeza tu, kwa ajili ya chanjo ya kichaa au kwa majeraha ya kugongwa na bodaboda. Ninachotaka kusema ni kwamba baadhi ya magonjwa ya ngozi tunayoyaita ukurutu bila kutazama mara mbili ni magonjwa ya kurithi, kwamba magonjwa hayo hayo yanawapata watoto wetu, na kwamba kwa kumwogesha kila mbwa dawa bila kuuliza wala kuandika chochote tunatupa maarifa ambayo wenzetu wameyatumia kuwatibu binadamu.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mtoto mmoja wa mbwa. Mwaka juzi mzee mmoja anayefuga mbwa wa ulinzi aliniletea dume la German Shepherd, umri wake miezi mitatu, likiwa ndani ya boksi la sabuni. Mwili mzima ulinuka oili chafu ya gari, maana jirani yake alikuwa amemhakikishia kuwa hiyo ndiyo kiboko ya ukurutu. Kabla ya oili alishamwogesha mara mbili dawa ya kupe ya ng'ombe, na kijana mmoja anayezunguka na mkoba wa dawa alishamchoma sindano ya ivamektini, dawa ya kuua minyoo na wadudu wa ngozi. "Daktari," mzee akaniambia, "huu ukurutu umenishinda."

Niliparua ngozi kwa wembe mpaka ikaonyesha damu, nikaweka nilichoparua chini ya hadubini, nikatafuta utitiri, wale wadudu wadogo wanaoleta ukurutu, na sikuona hata mmoja. Ndipo nilipomtazama mbwa mwenyewe badala ya kutazama ugonjwa niliotajiwa mlangoni. Upara wake ulikuwa na mipaka: paji la uso, na sehemu ya juu ya kiuno kushuka mpaka mapajani, kushoto na kulia sawasawa kana kwamba fundi alipima kwa futi. Ngozi ilikuwa laini, haikuwa na kigaga wala harufu yake yenyewe, na mbwa hakujikuna hata mara moja kwa muda wote aliokaa nami. Nilipofungua kinywa, ambamo kwa umri ule nilitarajia kuhesabu meno 28 ya utotoni, hayakufika hata nusu, na yaliyokuwepo yalikuwa yamechongoka kama miiba ya mchongoma.

Jambo la mwisho nililigundua kwa bahati. Mbwa hutoka jasho chini ya nyayo, na yeyote aliyefanya kazi hii anajua kwamba mbwa mwenye hofu akisimamishwa juu ya meza ya bati huacha alama za unyevunyevu za miguu yake. Huyu alikuwa akitetemeka kwa hofu, lakini meza ilibaki kavu. Nikamuuliza mzee kama alizaliwa hivyo. "Alizaliwa hivyo hivyo," akajibu, "yeye na ndugu yake mmoja wa kiume, ila yule mwenzake alikufa kwa kukohoa. Majike wote wana manyoya yao." Siku iliyofuata nilimwomba amlete mama yao. Mbwa mkubwa anapaswa kuwa na meno 42, na yule jike, mzuri wa umbo na mwenye afya, alikuwa na meno manne pungufu, na mzee mwenyewe hakuwahi kugundua kwamba hayapo.

Sikuwa na maabara ya kupima jeni, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini dalili zile, na namna zilivyowashika madume na kuwaacha majike, zinalingana na ugonjwa ambao wataalamu wanauita displasia ya ektodemu, ule unaobebwa kwenye kromosomu ya X, mojawapo ya nyuzi za vinasaba zinazoamua jinsia. Mwili unapoumbwa tumboni, seli za ngozi hupelekeana ujumbe kupitia protini iitwayo EDA, na ujumbe huo ndio unaoagiza kwamba hapa paanze jino, hapa unywele, hapa tezi ya jasho au ya machozi. Jeni ya protini hiyo ikiwa na hitilafu, ujumbe haufiki. Jike ana kromosomu mbili za X, hivyo ile nzima humwokoa, na pengine hubaki na upungufu mdogo wa meno tu, ilhali dume mwenye X moja hana akiba. Mama mbebaji huwarithisha ugonjwa huo, kwa wastani, nusu ya watoto wake wa kiume. Mambo haya yote ni hivyo hivyo kwa binadamu.

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji waache kumfikiria mbwa kwa muda na kumfikiria mtoto. Mbwa hupoza mwili wake kwa kuhema ulimi ukiwa nje, kwa hiyo kukosa jasho hakumsumbui sana, na yanayomwangamiza ni maambukizi ya mapafu na macho makavu. Mtoto wa binadamu hana njia hiyo ya kuhema. Mvulana mwenye ugonjwa huu akiachwa juani katika joto la mwambao mwezi wa pili, mwili wake hupanda joto bila breki, na mama hukimbia zahanati akisema mtoto ana homa. Sote tunajua homa ya mtoto katika mkoa kama huu husomwaje: kipimo cha malaria, na kikitoka hasi, antibiotiki. Mpaka umri ambao meno yanapaswa kuota, na yakaota mawili yaliyochongoka, hakuna anayewaza kwamba tatizo ni kwamba mtoto hatoki jasho.

Katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, kundi la watafiti akiwemo Dakta Margret Casal lilitunza kizazi cha mbwa wenye hitilafu hii hii. Wenzao wa Uswisi walikuwa wameonyesha mwaka 2003 kwamba panya wenye ugonjwa wakipewa protini ya EDA iliyotengenezwa maabara wakiwa bado tumboni, dalili nyingi hazijitokezi. Lakini panya ni shahidi dhaifu katika kesi ya meno, kwa sababu haoti meno ya utotoni yakang'oka na kupisha mengine, naye hukosa baadhi ya dalili ambazo binadamu anazo. Mbwa huota meno mara mbili kama sisi, na dalili zake ni zile zile. Mwaka 2007 watafiti hao walitangaza kwamba watoto watano wa mbwa waliodungwa protini hiyo kwenye mshipa baada ya kuzaliwa walifuatiliwa mpaka meno ya ukubwani yalipoota, na wanne kati yao walipata meno yaliyokaribia kuwa ya kawaida. Machozi yalirudi, maambukizi ya macho na njia ya hewa yalipungua, na uwezo wa kutoka jasho uliongezeka. Tena haikuwa dawa ya kunywa maisha yote. Ujumbe wa EDA unahitajika wakati wa ujenzi, na nyumba ikishasimama fundi hahitajiki tena.

Lazima niseme pia yaliyofuata, maana anayesifu utafiti bila kutaja ulipojikwaa huwa anauza kitu. Watoto wachanga wa binadamu walipopewa protini hiyo hiyo baada ya kuzaliwa, matokeo mazuri ya mbwa hayakuonekana. Sababu iko kwenye kalenda. Mtoto wa mbwa huzaliwa akiwa hajakomaa, macho yamefumba, na sehemu ya ngozi yake bado inajengwa, ilhali tezi za jasho za binadamu zimeshaanza kuumbika miezi kadhaa kabla ya kuzaliwa. Dawa ilifika wakati mafundi wameshaondoka.

Mwaka 2016 mama mmoja mjamzito wa mapacha, ambaye tayari alikuwa na mtoto wa kiume mgonjwa, alikwenda kwa Profesa Holm Schneider katika hospitali ya chuo kikuu cha Erlangen, Ujerumani. Katika wiki ya 26 ya mimba, na tena wiki ya 31, madaktari waliingiza protini ile kwa sindano katika maji ya chupa ya uzazi ya kila pacha. Mtoto tumboni huyameza maji hayo, na protini hufyonzwa kutoka utumboni hadi kwenye damu. Mama wa pili alipewa dozi moja katika wiki ya 26. Taarifa ilichapishwa mwaka 2018 katika jarida la tiba la New England: wavulana wote watatu waliweza kutoka jasho kama watoto wengine. Nilipoisoma taarifa ile nilikumbuka meza ya bati, ingawa wakati huo nilikuwa sijakutana na mbwa wa mzee, bali mbwa wengine wengi walioiacha na unyevu nami nikaifuta bila kuwaza lolote.

German Shepherd ana kisa kingine ambacho kinatuhusu, kwa kuwa yeye ndiye mbwa wa polisi, wa maghala na wa mageti katika miji yetu. Mwaka 1985 madaktari wa mifugo wa Norway walieleza juu ya mbwa wa jamii hii waliokuwa na vinundu vigumu chini ya ngozi, hasa miguuni, na ambao baadaye waligundulika kuwa na uvimbe wa saratani katika figo zote mbili. Kinundu chenyewe hakiumi wala hakiui, na ni rahisi kumwambia mwenye mbwa aende nyumbani asiwe na wasiwasi. Kumbe ngozi ilikuwa ikitoa taarifa ya figo. Binadamu nao wana ugonjwa unaofanana na huo, ulioelezwa mwaka 1977 kupitia familia moja nchini Kanada na kupewa majina ya madaktari watatu, Birt, Hogg na Dubé: vipele vidogo vyeupe usoni na shingoni, vifuko vya hewa kwenye mapafu, na kwa baadhi yao saratani ya figo. Mwaka 2000 watafiti wa mbwa walionyesha kwamba chanzo kiko kwenye kromosomu ya 5 ya mbwa, mwaka 2002 jeni ya binadamu iitwayo FLCN ikapatikana, na mwaka 2003 hitilafu ikaonekana katika jeni hiyo hiyo ya mbwa. Safari hii mbwa na binadamu walikuwa wakitafutwa sambamba, na kila upande ulimwonyesha mwenzake pa kuchimba.

Ugonjwa wa ngozi ya magamba ya samaki nao ulikwenda kwa njia hiyo. Watafiti wa Rennes, Ufaransa, walianza na mbwa wa jamii ya Golden Retriever wenye mba nyeupe nyingi isiyokwisha, wakapata hitilafu katika jeni ya PNPLA1, kisha wakaenda kuitafuta jeni hiyo kwa binadamu ambao chanzo cha magamba yao kilikuwa hakijulikani. Waliikuta imeharibika kwa wagonjwa sita wa familia mbili. Hiyo ilikuwa mwaka 2012. Kabla ya mbwa hao, hakuna aliyekuwa akiishuku jeni hiyo katika ugonjwa ule.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini mbwa na si mbuzi. Jibu liko katika jinsi sisi wanadamu tulivyowaoza mbwa. Kila jamii ya mbwa wa asili moja ni kama ukoo uliofunga milango na kuoana ndani kwa ndani, na ukoo wa namna hiyo hukusanya magonjwa yale yale, yakiwa yamekaa katika vipande virefu vya vinasaba ambavyo ni rahisi kuvifuatilia. Ramani kamili ya vinasaba vya mbwa, iliyotolewa kwa jike wa jamii ya Boxer aitwaye Tasha, ilitangazwa mwaka 2005. Miaka miwili baadaye ikaonekana kwamba kwa sifa inayotokana na jeni moja, sampuli za mbwa wapatao 20 zinaweza kutosha kuonyesha mahali ilipo, jambo ambalo kwa binadamu huhitaji watu wengi mno.

Moja ya sifa zilizotumika kuthibitisha hilo inatoka Afrika. Mbwa anayeitwa Rhodesian Ridgeback, ambaye damu yake imechanganyika na ile ya mbwa wa Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika, ana mstari wa manyoya mgongoni uliolala kinyume. Mwaka 2007 ilibainika kwamba mstari huo unatokana na kipande cha vinasaba kilichojirudia, ambacho ndani yake zimo jeni zinazoongoza ukuaji wa kiinitete, na kwamba mbwa mwenye nakala mbili za kipande hicho yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na tundu jembamba linaloanzia kwenye ngozi ya mgongo kuelekea uti wa mgongo. Tundu hilo likiingiwa na vijidudu huleta usaha, na usaha huo unaweza kufika kwenye utando wa uti wa mgongo. Hitilafu hiyo ni jamaa ya zile tunazoziita mgongo wazi kwa watoto wetu, kwa kuwa zote hutokea pale ambapo mrija unaokuja kuwa uti wa mgongo haukujifunga au haukutengana na ngozi sawasawa tumboni. Sisemi kwamba jeni ya mbwa huyo ndiyo inayoleta mgongo wazi kwa binadamu. Nasema inatufundisha namna utengano huo unavyoharibika. La kusikitisha ni kwamba kwa miaka mingi wafugaji waliwaua watoto waliozaliwa bila mstari kwa kuwaona ni kasoro, kumbe hao ndio waliokuwa salama.

Najua wapo watakaosema kwamba nchi yenye uhaba wa dawa za watu haina sababu ya kuwaza manyoya ya mbwa, na najua pia kwamba sisi wa mwambao tuna mipaka yetu ya kidini kuhusu mate ya mbwa, mipaka ambayo mimi mwenyewe naiheshimu na ndiyo maana naweka maji ya kutawadhia karibu na mlango wa kliniki. Sidai kwamba mtu yeyote amweke mbwa sebuleni. Wala sifurahii mbwa wa kuzaliwa maabara, ingawa nakiri kwamba wale wa Pennsylvania wameleta kheri. Kinachonivutia ni kwamba mengi ya maarifa mengine niliyoyataja yalitokana na mbwa wa majumbani waliochukuliwa damu kidogo na kurudi kwao kulala.

Kwetu hali inabadilika haraka. Mbwa wa kienyeji, ambaye huzaa na yeyote, hukutana na magonjwa haya mara chache. Lakini mijini sasa kuna biashara ya watoto wa mbwa wa kizungu, ambamo dume moja lililoagizwa hupandishwa majike ya mtaa mzima na kisha, baada ya mwaka mmoja na nusu, mabinti zake mwenyewe. Anayefanya hivyo anatengeneza ukoo uliofunga milango bila kujua, na magonjwa yatakayotoka humo yataogeshwa oili chafu. Kwa hiyo ombi langu kwa madaktari wenzangu na maofisa mifugo ni dogo na halina gharama: kabla ya kuchukua sindano, mwulizeni mwenye mbwa kama mbwa wake alizaliwa hivyo, ndugu zake wakoje, wazazi wake ni nani, kisha yaandikwe majibu kwenye kadi pamoja na idadi ya meno. Na kwa madaktari wa watoto, hasa wa mikoa ya joto, mvulana mwenye homa zinazokuja mchana na kuondoka usiku, ambaye vipimo vyake havionyeshi kitu, apapaswe shingoni akiwa juani, kuona kama ana jasho.

Yule dume bado anaishi kwa mzee. Macho yake hukauka, na kila asubuhi mjukuu wa nyumba ile humsafisha kwa pamba na maji yaliyochemshwa. Mama yake hapandishwi tena, kwa makubaliano yetu ya mdomo. Wasiwasi wangu ni dada zake wawili, wenye manyoya mazuri na ambao huenda wamebeba jeni ile, waliouzwa kabla sijamwona kaka yao: mmoja alikwenda Muheza na mwingine Korogwe, na mzee hakumbuki majina ya walionunua. Yeyote aliyenunua jike la German Shepherd kutoka Tanga mjini mwaka juzi, akiwa mdogo wa miezi miwili, na anayekusudia kumzalisha, namwomba kwanza amfungue kinywa na kuhesabu meno. Yakipungua 42, amlete kwangu au ampeleke kwa daktari wa mifugo aliye karibu naye. Kwangu hatalipa kitu.

Daktari wa mifugo,
Tanga